Shehena na Mwenyewe: Kumbukumbu za Marubani Wazee na Magendo ya Fizi na Baraka

Mwanafunzi anayekusudia kuandika tasnifu juu ya Fizi na Baraka katika miaka ya maasi ya Simba hukutana kwanza na vitabu ambavyo wengi wa waandishi wake walifika Kongo wakiwa na silaha mkononi, au walipita juu yake kwa ndege. Mike Hoare, aliyewaongoza mamluki wa Komando ya Tano, alichapisha Congo Mercenary mwaka 1967. Jan Zumbach, rubani wa Kipolandi aliyeliongoza jeshi dogo la anga la Katanga mwaka 1962, alitoa kumbukumbu zake kwa Kifaransa mwaka 1973, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1975 kwa jina la On Wings of War. Jerry Puren wa Afrika Kusini naye alitoa Mercenary Commander mwaka 1986. Masimulizi ya Ernesto Che Guevara juu ya miezi saba aliyokaa Fizi, ingawa aliyaandika Dar es Salaam mara tu baada ya kushindwa, yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1999. Kando ya hao kuna kazi ya mwanahistoria, Wilungula B. Cosma, Fizi 1967-1986: le maquis Kabila, iliyotoka mwaka 1997. Vitabu hivi vimetawanyika katika lugha tatu, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwa Kiswahili, lugha iliyotumika sokoni, kambini na mtumbwini katika matukio hayo hayo.

Makala hii haikusudii kuamua ni nani kati yao asemaye kweli. Wanahistoria wana vipimo vyao kwa kazi hiyo. Linaloulizwa hapa ni jambo dogo zaidi, nalo ni la lugha: katika kumbukumbu za marubani wazee, hasa pale wanaposimulia safari zao za magendo, mzigo ni wa nani?

Utanzu wa kumbukumbu za marubani una nasaba inayojulikana. Waliosoma katika shule za Kifaransa wanaukumbuka kwa Antoine de Saint-Exupéry, aliyetoa Vol de nuit mwaka 1931 na Terre des hommes mwaka 1939. Wenzao wa Nairobi humtaja Beryl Markham, ambaye West with the Night yake ya mwaka 1942 ilitokana na maisha ya urubani nchini Kenya. Kwa hao wawili shehena ilikuwa halali: barua za posta kwa mmoja, abiria, vifaa na habari za makundi ya ndovu kwa mwingine. Lakini umbo walilolisimika ndilo lililorithiwa na marubani wa magendo waliokuja nyuma yao. Msimulizi yuko peke yake usiku. Chini kuna giza, mbele kuna wingu la mvua, injini inakohoa, mafuta yanakaribia kwisha, na kiwanja cha kutua ni kifupi kuliko alivyoambiwa. Msomaji anashika pumzi. Ndege inatua. Sura inakwisha, na sanduku lililokuwa nyuma ya kiti halijafunguliwa.

Isingekuwa haki kumlaumu rubani papo hapo. Anayeendesha ndege ndogo hulazimika kufikiri kwa kilo. Mafuta yana uzito, abiria ana uzito, na kinachobaki baada ya hivyo viwili ndicho mzigo. Katika nyanda za juu za Fizi, kama vile Minembwe iliyo kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, mabawa hayabebi kama yanavyobeba kando ya ziwa, injini hupungukiwa na nguvu, na ndege huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Jua la adhuhuri likiongezeka, au njia ikiwa na matope, magunia mawili yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuruka na kuangukia bondeni. Kwa mtu aliyeishi hivyo miaka ishirini, dhahabu, dawa za hospitali na risasi huwa kitu kimoja: uzito na mahali pa kuufungia. Lugha ya kumbukumbu zake ni lugha ya kazi yake. Tatizo huanza pale kumbukumbu hizo zinaposomwa kana kwamba ni historia ya nchi iliyokuwa chini, na katika tasnifu nyingi ndivyo zinavyosomwa, kwa kuwa zina tarehe, zina majina ya miji, na zimeandikwa vizuri.

Hapa sarufi ya Kiswahili yaweza kumfaa mhakiki. Kitenzi safirisha hutosheka na yambwa moja: rubani alisafirisha sanduku. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea, yaani safirishia, hudai yambwa nyingine, ile ambayo wanasarufi huiita yambwa tendewa: rubani alimsafirishia fulani sanduku. Ndivyo ilivyo pia kwa peleka na pelekea, beba na bebea, ficha na fichia. Msikilizaji akiambiwa kwamba mtu fulani alikuwa akificha dhahabu, ameridhika. Akiambiwa kwamba alikuwa akiificha kwa kumfichia mtu, hungoja jina. Kifaransa na Kiingereza nazo zina njia za kumtaja mtendewa, bila shaka, ila humweka mara nyingi katika kirai cha pembeni ambacho mwandishi aweza kukidondosha bila sentensi kuonekana kilema. Katika Kiswahili mtendewa akishaingia, huingia ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kiambishi kati ya njeo na mzizi, na hawezi kuondolewa bila kitenzi kubadilika. Jaribio basi ni jepesi. Msomaji achukue sura moja ya kumbukumbu za rubani, aitafsiri kimoyomoyo, na kila kitenzi cha uchukuzi akiweke katika kauli ya kutendea. Panapokosekana jina, hapo ndipo pa kusimama.

Zumbach anafaa kuwa wa kwanza, kwa sababu hakujisingizia kuwa mtu mwingine. Alipigana katika anga la Uingereza mwaka 1940 na baadaye akaliongoza kundi la 303 la marubani wa Kipolandi. Alikuwa na pasipoti ya Uswisi kwa nasaba ya ukoo wake. Vita vilipokwisha akaingia katika biashara ya ndege ndogo na kusafirisha bidhaa za magendo kusini mwa Ulaya na Mashariki ya Kati. Katanga ilipomwita mwaka 1962 alikwenda kwa jina la Brown, akaendesha ndege za mafunzo za Harvard zilizofungwa silaha, na miaka mitano baadaye alikuwa Biafra na ndege ya B-26. Simulizi lake ni la mtu mcheshi anayekiri kwamba alitafuta fedha, na ukiri huo ndio unaompendeza msomaji. Lakini ukiri huo una mpaka. Rubani anakiri juu ya nafsi yake, kwamba alivunja sheria, alidanganya maofisa wa forodha, alilipwa. Kauli ya kutendea ikiletwa, ukiri hunyamaza. Wanunuzi huonekana kama vivuli vyenye sigara, wauzaji kama watu wa kuchekesha, na wale ambao bidhaa ziliwafikia mwisho wa safari hawaonekani kabisa. Kwa saa za mkono, hasara ya kutowaona ni ndogo. Kwa mabomu ya Katanga, ni kitu kingine; na mtindo wa kusimulia ni ule ule kwa vyote viwili.

Hubert Julian, mzaliwa wa Trinidad aliyejiita Tai Mweusi, angeweza kutazamiwa kuandika kwa namna tofauti. Alikuwa mmoja wa marubani weusi wa mwanzo kupata umaarufu Marekani, alikwenda Ethiopia mwaka 1930 na kuivunja ndege aliyoipenda Haile Selassie, na mwaka 1962 alikamatwa na Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville kwa biashara ya silaha. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1964. Mhusika mkuu wa Julian ni Julian. Ucheshi ni mwingi kuliko wa Zumbach, na mtendewa ni haba vile vile. Rangi ya ngozi ya rubani haibadilishi umbo la utanzu.

Jaribio hili likiletwa Fizi na Baraka linakutana na jambo ambalo vitabu vya marubani havimwandai msomaji: magendo ya huko hayakuhitaji ndege. Baraka iko kando ya ziwa Tanganyika, kwenye ghuba iliyopewa jina la Burton, na rasi ya Ubwari inaikinga kama mkono. Fizi yenyewe iko bara, juu ya milima. Ng'ambo ni Tanzania. Kaskazini ni Burundi. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670 lakini upana wake wa wastani ni kama kilomita 50 tu, na boti la injini laweza kuondoka giza linapoingia na kufika kabla ya alfajiri. Waasi wa kaskazini-mashariki ndio waliopelekewa silaha kwa ndege, pale Algeria na Misri zilipozipitisha Sudan mwishoni mwa 1964 na mwanzoni mwa 1965. Dhahabu na pembe za ndovu zilizotoka upande huo ndizo zilizozua kashfa katika bunge la Uganda mnamo Februari 1966, Daudi Ocheng alipodai kwamba Kanali Idi Amin na wakubwa waliokuwa juu yake walinufaika. Siku chache baadaye mawaziri watano walikuwa kizuizini na katiba imesimamishwa. Kwa lugha ya makala hii, swali la yambwa tendewa liliulizwa bungeni, na dola ikatikisika. Fizi haikuwa na bunge la kuuliza. Ilikuwa na ziwa, na silaha zake zilitoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, kisha kwa boti, usiku.

Kwa hiyo kitabu ambacho kweli kinasimulia magendo ya Fizi si cha rubani. Ni cha Guevara. Wahakiki wengi wamekisoma kama kitabu cha siasa, nacho ni hicho, lakini muundo wake wa ndani ni wa safari ya kimagendo. Mtu amebadilishwa sura na jina, anavushwa ziwa kwa siri usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, anashushwa Kibamba kama shehena isiyopaswa kujulikana, na hata viongozi wa Kongo hawajaarifiwa ni nani. Jina alilopewa ni namba ya Kiswahili, Tatu, huku Victor Dreke akiitwa Moja. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina uchungu wake: katika kitabu ambacho wazungumzaji wa lugha hii ndio wengi, maneno yake ya kwanza kukumbukwa ni ya kuhesabia, kama alama zinazopakwa kwenye masanduku. Lakini Tatu, tofauti na marubani, hawezi kuisahau kauli ya kutendea. Silaha zinafika ufukweni na yeye anataka kujua zimeletewa nani, nani amezichukua, kwa nini sehemu moja ya bunduki iko huku na risasi zake ziko kule. Anawalalamikia viongozi wanaokaa Kigoma ilhali wapiganaji wao wakingoja mlimani. Kitabu kizima kinaweza kusomwa kama daftari la mtunza ghala aliyekata tamaa, na hilo ni sifa kwake.

Ndege imo katika kitabu hicho, lakini inatazamwa kutoka chini. Kambi ya serikali ya Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, ilikuwa na ndege za T-28 na B-26 zilizorushwa na Wakuba waliohama nchi yao na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani. Wakuba walikuwa pande zote mbili, basi, mmoja hewani na mwingine handakini, wote wageni katika nchi ya Wabembe. Guevara anasimulia jinsi kamanda mmoja wa waasi alivyomweleza kwa bashasha kwamba ndege si kitu, kwa kuwa dawa huzuia risasi. Mwandishi analeta kisa hiki ili msomaji ashangae. Ni hapa ambapo kitabu chenye macho makali kinapofuka. Anayejua Kiswahili hana haja ya kuamini dawa ili aone kwamba mazungumzo hayo yana neno ambalo mgeni hakulisikia lote.

Neno hilo ni ndege. Kamusi za zamani zinalipa maana ya kiumbe arukaye, na pamoja nayo maana ya dalili: mtu aweza kukutana na ndege njema au ndege mbaya njiani, na kuendelea au kurudi kwa sababu hiyo. Chombo cha chuma kilipokuja kilirithi jina lote, pamoja na kivuli chake. Kikongo cha mijini kikakipa jina jingine, avio, kutoka Kifaransa, na labda avio ni neno lisilo na dalili ndani yake, lenye tiketi na ratiba. Lakini kinachounguruma juu ya Baraka alfajiri ni ndege, na suala la ndege mbaya ni suala la kujikinga. Dawa ni jibu la sentensi ambayo tayari imo katika neno. Guevara, ambaye alijitahidi kujifunza lugha na alikuwa na kijana wa kumfundisha, aliandika kwamba wapiganaji hawakuielewa ndege. Yawezekana pia kwamba yeye ndiye hakuielewa.

(Kitabu hicho hicho kinapotuchekesha, kinatuchekesha na urubani. Huko Fizi jenerali mmoja wa waasi alivaa kofia ya mwendesha pikipiki iliyofunikwa kwa ngozi ya chui, na Mkuba mmoja akampa lakabu ya mwanaanga. Mwaka ule ule wa 1965, mwezi Machi, binadamu wa kwanza alikuwa ametoka nje ya chombo na kuelea angani. Kichekesho kina ukatili, lakini ni vigumu kukisahau.)

Hoare aliitwaa Baraka mwishoni mwa Septemba 1965 kwa kuvuka ziwa na kushuka ufukweni, ndege zikimfunika kutoka juu; Fizi ikafuata mwezi Oktoba. Sura zake juu ya Baraka ni kati ya zile zilizoandikwa vizuri zaidi katika kitabu chake, na sababu ni dhahiri: alipata upinzani asioutazamia, na hofu humfunza mwandishi kutazama. Maneno yake juu ya adui yana heshima. Hata hivyo mji wenyewe hauna watu wasiopigana. Kuna ufuko, nyumba, barabara, bunduki za mashine. Nani alikuwa akiishi humo, alikwenda wapi mamluki waliposhuka, alirudi lini? Hoare hakuwa rubani, lakini katika sura hizo anaona kwa macho ya rubani, pengine kwa sababu alipanga vita kwa picha zilizopigwa kutoka juu. Wale Wakuba wa T-28, ambao kwa miaka mingi walifungwa vinywa na ajira yao ya siri, wameanza kusimulia uzeeni. Frank Villafaña alikusanya habari zao katika kitabu cha mwaka 2009. Ni watu waliopoteza nchi yao na wanaokumbuka vita vya Kongo kama sehemu ya vita hivyo vingine, vya kisiwani kwao. Wakilenga kilima cha Fizi, macho yao yanaitazama Havana. Msomaji aweza kuwahurumia na bado akagundua kwamba katika sentensi zao Fizi haina hata nafasi ya yambwa.

Neno la pili linalostahili kutazamwa ni rubani lenyewe. Kabla ya kuwa mtu wa ndege, rubani alikuwa mtu wa chombo cha majini, yule aliyejua miamba na mikondo na kukiongoza chombo kuingia bandarini. Kwa maana hiyo ya kale, marubani wa magendo wa Fizi walikuwapo, nao walikuwa wengi. Kazi ya Cosma ndiyo inayowapa nafasi, ingawa si chini ya jina hilo. Baada ya 1965 Laurent-Désiré Kabila alirudi milimani, akaunda chama cha PRP mnamo Desemba 1967, na kuanzisha eneo lililoitwa Hewa Bora. Eneo hilo liliishi kwa dhahabu na pembe za ndovu zilizovushwa ziwa, na kwa chumvi, nguo na dawa zilizorudi nazo. Baadhi ya wanajeshi wa Mobutu waliotumwa kulizingira walijikuta wakifanya nalo biashara. Mnamo Mei 1975 boti zilivuka kwenda Gombe, karibu na Kigoma, zikarudi na wanafunzi wanne waliokuwa wakitafiti sokwe, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, ambao waliachiliwa baada ya majadiliano ya fidia. Cosma hasimulii mambo haya kwa msisimko. Nathari yake ni kavu, na kuna kurasa zinazomchosha msomaji kwa orodha. Lakini kila kilo ya dhahabu ina mchimbaji, mpokeaji na chama, na anayekatwa sehemu yake anajulikana. Kitabu kilitoka mwaka ule ule ambao mkuu wa Hewa Bora aliingia ikulu ya Kinshasa, na yambwa tendewa ya miaka ishirini ya magendo ikaanza kutawala nchi.

Ndege ndogo ilikuja kushika magendo ya Kivu baadaye, katika vita vya 1998 hadi 2003. Barabara zilikuwa zimekufa, bei ya koltani ilipanda ghafla mwaka 2000, na njia za kutulia zilizofyekwa msituni zikaanza kupokea ndege za Antonov na za L-410 zilizopakia madini kwenda Bukavu, Goma na ng'ambo ya mpaka. Huko Walikale, katika miaka iliyofuata, kipande cha barabara ya lami pale Kilambo kiligeuzwa kiwanja, na magari yalisubiri kando ndege ikitua. Fizi ilibaki zaidi na barabara mbaya na ziwa: dhahabu ya Misisi ilishuka kuelekea Uvira au Kalemie bila kuhitaji mabawa. Na mahali pengine ndege ya magendo haikuwa ndogo wala chakavu, kama ile jeti ya kukodi iliyozuiwa Goma mnamo Februari 2011 ikiwa na zaidi ya kilo 400 za dhahabu.

Kuanzia Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika taarifa ndefu juu ya safari hizo, na taarifa hizo zingepaswa kusomwa pamoja na kumbukumbu za marubani, kwa kuwa ni kinyume chake kamili. Humo kuna namba ya usajili wa ndege, jina la kampuni, uzito, mmiliki, mnunuzi. Kauli ya kutendea imetimizwa mstari kwa mstari. Kilichopotea ni sauti. Hakuna usiku wala dhoruba, na mpakizi wa magunia ni takwimu. Mwanafunzi anayekimbia mapambo ya Zumbach na kuikimbilia taarifa ya wataalamu amepata ushahidi bora, kisha anashangaa kwa nini tasnifu yake haisomeki.

Kazi moja inaonyesha kwamba pande mbili hizo zaweza kukutana katika kinywa cha rubani mmoja, nayo haikufanywa Kivu ila Mwanza, upande wa pili wa Tanzania, na si kitabu bali filamu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, inawafuata marubani wa Ilyushin waliokuja kuchukua minofu ya sangara kwenda Ulaya. Ndege hizo si ndogo hata kidogo. Filamu ilizua hasira Tanzania. Rais Kikwete aliilaani mwaka 2006, na baadhi ya lawama zina uzito, kwani filamu inadokeza zaidi ya inavyothibitisha na inauonyesha mji kana kwamba hauna mtu anayefanya kazi yake kwa furaha. Lakini kuna pahali ambapo rubani, baada ya kukwepa swali mara nyingi, anasimulia kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola na kurudi na zabibu za kupelekwa Ulaya. Anaendelea kusema, kwa Kiingereza kilichovunjika, kwamba wakati wa Krismasi watoto wa Angola walipata bunduki na watoto wa Ulaya wakapata zabibu. Yaliyosemwa katika mamia ya kurasa za Zumbach hayafikii hapo. Rubani yule hakutafuta usemi mzuri. Alitafuta tu kumaliza sentensi, na sentensi ikamtaka aseme nani aliletewa nini. Kisha akanyamaza, na Sauper akawa na busara ya kutomwuliza zaidi.

Kinachodaiwa hapa, basi, ni kwamba kumbukumbu za marubani zitumiwe katika masomo ya Fizi na Baraka kwa kile zinachokijua: hali ya hewa, uzito, urefu wa njia, hofu ya mtu aliye peke yake. Kwa mengine zinahitaji mwenzi, na mwenzi huyo bado hajaandikwa. Wapo Baraka wazee waliopiga makasia, waliobeba masanduku kutoka ufukweni hadi mlimani, waliofyeka njia za ndege, waliochota mafuta kwa madumu. Utafiti wa Kiswahili katika vyuo vya Kivu umeshughulika sana na sauti na mofolojia ya lahaja za huko, na kazi hiyo ni njema, lakini mtafiti anayerekodi saa tatu za mzungumzaji wa Baraka ili apate viambishi vya njeo amekusanya pia, bila kujua, saa tatu za historia, na mara nyingi huziacha ndani ya kanda. Kanda hizo zikinukuliwa kwa ukamilifu, mhakiki atakuwa na matini ya kuweka kando ya Hoare na Puren. Swali la kwanza la kuziuliza lingekuwa la kisarufi: wasimulizi hao wanatumia beba au bebea, na ikiwa ni bebea, kiambishi kilichomo ni cha nani.

Hadi hapo, ukurasa ulio karibu zaidi na sauti hiyo ni ule wa mwisho wa Guevara, wa alfajiri ya tarehe 21 Novemba 1965. Boti zimefika kutoka Kigoma chini ya nahodha wa Kikuba aliyeitwa Changa, rubani kwa maana ya kale. Nafasi ni chache. Wakuba wanapakiwa, Wakongo wengi waliokuja ufukweni wanaomba nao wachukuliwe, na mwandishi anakiri kwamba aliwakataa. Nahodha anahesabu uzito kama rubani yeyote wa ndege ndogo angehesabu, boti dhidi ya mawimbi, watu dhidi ya maji. Tofauti ni kwamba mzigo uliobaki ufukweni ulikuwa ukisema, na mtu aliyekuwa botini aliisikia lugha yake, akaandika kwamba aliisikia, bila kutuambia ilisema maneno gani.